Jela haiishii kwenye lango la Kamiti

Unaijua ile simu. Nambari ngeni, sauti ya upole: "Boss, nimetuma pesa kwa laini yako kimakosa, naomba unirudishie." Ukisimulia mtaani utaambiwa, "Huyo ni msee wa Kamiti," kisha mnacheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka, hadi jamaa mmoja wa ploti yetu aliporudi nyumbani baada ya miaka minne ndani.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya mlango wa kwao. Ulikuwa umerudishwa tu, hata haujafungwa. Alikuwa akingoja afunguliwe. Hebu fikiria, miaka minne bila kufungua mlango wowote kwa mkono wako. Usiku halali taa ikizimwa. Anakula mbio, mkono mmoja umezingira sahani. Na akipita mtu mwenye sare, magoti yanataka kukunjika yenyewe, maana kule mkihesabiwa mnachuchumaa kwa safu za watano watano, macho chini.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo tabia ya mwizi. Ni tabia za mtu aliyezoea kuamuliwa kila kitu: saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kuota jua. Juu ya hayo kuna serikali nyingine, ya wafungwa wenyewe. Nyapara ana sauti. Mwenye sigara ana sauti. Asiyetembelewa na mtu hana. Aliniambia kwamba kule ukimwomba mwenzako radhi, umekwisha, watakuona mnyonge. Sasa mtoe huyo umpeleke kwa mamake, kisha ushangae kwa nini hajui kusema pole.

Na usidhani afande anatoka salama kwa kuwa yeye ndiye mwenye funguo. Askari jela wengi wanaishi papo hapo, kwenye nyumba za kiwanja cha gereza, na familia zao. Moody Awori alipoanzisha mageuzi ya magereza mwaka 2003, wafungwa walipata magodoro na televisheni. Vizuri sana. Lakini askari walinung'unika kwamba wao wamesahaulika, na mwaka 2008 wakagoma kwa ajili ya marupurupu na nyumba duni. Mtu anayeshinda akiwafokea watu waliochuchumaa, jioni ataivua ile sauti pamoja na kofia? Kama una rafiki aliyelelewa huko, muulize. Atakwambia mengi kuliko mimi.

Halafu kuna sisi. Jamaa wetu aliporudi, akina mama walianza kuanua nguo kabla ya giza. Caretaker akataka kujua "atakaa hadi lini". Akaenda kuomba kazi ya ulinzi, akaulizwa cheti cha tabia njema, kile ambacho wewe hukiomba ukitafuta job ya kwanza, ukipigwa alama za vidole, basi. Kwako ni usumbufu wa foleni tu. Kwake rekodi ile inasomeka pale pale. Na wengi wanaofungwa nchini hawakuua mtu. Ni chang'aa, ni kuuza bidhaa bila leseni, ni faini waliyoshindwa kulipa.

Unajua nani walimpigia simu kwanza, wakamuuliza kama amekula? Waliokuwa naye seli moja. Walimjulia hali vizuri tu, hata mama akasalimiwa. Kisha wakamwambia kuna kazi, ya simu, haihitaji cheti.

Aliniambia hayo tukiwa tumekaa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza sikuona cha kuchekesha katika ule utani wa Kamiti. Hakuwa amekubali. Hakuwa amekataa pia.

Wiki iliyopita nilimpeleka kwa jamaa mwenye kaosha ya magari hapo kwa stage. Mzee hakuuliza cheti wala alikotoka. Alitaka kujua tu huwa anaamka saa ngapi.

"Saa kumi na moja," alijibu, kabla hata swali halijaisha.