Ukarabati wa Ford Model T

Ukarabati wa Ford Model T ni kazi ya kutengeneza na kurudisha katika hali yake ya awali gari lililoundwa na kampuni ya Ford ya Marekani kuanzia mwaka 1908 hadi 1927. Ni mojawapo ya magari ya kale yanayokarabatiwa kwa wingi kati ya yale yaliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sababu ni tatu: yalitengenezwa mengi, muundo wake ni rahisi, na vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa hadi leo.

Hata hivyo, gari hili lilibuniwa wakati barabara zilikuwa na magari machache yaliyokwenda polepole. Sehemu zake kadhaa, hasa breki na difu, zinaweza kuleta ajali zikiharibika. Kwa hiyo mkarabati hushughulikia kwanza sehemu zinazolinda uhai, kisha zile zinazopendeza macho.

Historia kwa ufupi

Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908. Mwaka 1913 kampuni ya Ford ilianza kuunganisha magari haya kwa mstari unaotembea katika kiwanda cha Highland Park, jimbo la Michigan, na bei ikaendelea kushuka. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1927 yalikuwa yameundwa zaidi ya milioni 15.

Injini yake ina silinda nne zenye ujazo wa lita 2.9 kwa jumla na nguvu ya farasi 20. Mwendo wake wa juu ni takriban kilomita 65 hadi 70 kwa saa. Kati ya mwaka 1914 na 1925 gari hili liliuzwa kwa rangi nyeusi tu. Kabla na baada ya hapo rangi nyingine zilitumika.

Kuhifadhi au kufanya upya

Kabla ya kufungua nati ya kwanza, mwenye gari huamua kama atalihifadhi lilivyo au atalifanya kama jipya. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina mwongozo uitwao Hati ya Torino, ambao unapendelea kuhifadhi sehemu asilia kadiri inavyowezekana na kuandika kumbukumbu ya kila badiliko. Rangi ya kiwandani iliyochakaa ni ushahidi wa historia. Ikishakwanguliwa hairudi tena.

Namba ya injini imechongwa upande wa kushoto wa bloku, juu ya mahali maji yanapoingilia. Namba hiyo husaidia kujua injini iliundwa lini. Lakini injini nyingi zilibadilishwa katika miaka ya matumizi, hivyo namba peke yake haithibitishi umri wa gari zima.

Katika kufungua, kila hatua hupigwa picha, na boliti za kila sehemu huwekwa katika kopo lake lenye lebo. Vipuri vya zamani havitupwi mpaka vipya vimefungwa na kujaribiwa, kwa kuwa mara nyingi kipuri cha zamani ndicho kipimo pekee kilichobaki.

Injini

Injini iliyokaa miaka mingi isizungushwe kwa nguvu. Plagi hutolewa, oili nyepesi humiminwa ndani ya silinda na kuachwa siku kadhaa ili ipenye kwenye kutu. Kulazimisha kunaweza kuvunja ringi za pistoni au kupinda sehemu nyingine.

Beringi kuu za injini hii si za kununua dukani na kupachika tu. Zimetengenezwa kwa babiti, aloi laini ya bati yenye antimoni na shaba nyekundu, ambayo humwagwa ikiwa imeyeyuka na kisha kuchongwa kwa kipimo cha kranki. Kazi hiyo inahitaji fundi mzoefu. Tone moja la maji likiwa ndani ya kalibu hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto, hivyo kila kifaa hukaushwa na kupashwa joto kwanza.

Injini haina pampu ya oili. Flaiwili hurusha oili juu, kiasi fulani huingia katika bomba dogo na kushuka hadi mbele ya injini. Oili hiyo hiyo hulainisha gia, na nyuzi za pamba zinazotoka kwenye mikanda ya gia zinaweza kuziba bomba hilo. Kulisafisha ni jambo la lazima kila injini inapofunguliwa. Kiwango cha oili hupimwa kwa koki mbili ndogo zilizo chini: inapaswa kuwa kati ya koki ya juu na ya chini.

Magari mengi ya aina hii hayana pampu ya maji pia. Maji ya moto hupanda yenyewe hadi kwenye rejeta, yakapoa na kushuka. Mzunguko huo ni dhaifu, na rejeta iliyoziba kidogo tu hufanya injini ichemke. Mara nyingi tiba ni kusafisha au kubadilisha rejeta, si kuongeza pampu.

Umeme wa kuwasha

Sumaku 16 zilizofungwa kwenye flaiwili huzunguka mbele ya koili zisizosogea na kuzalisha umeme. Umeme huo huenda kwenye koili nne za cheche, moja kwa kila silinda, zilizowekwa ndani ya visanduku vya mbao.

Ndani ya kila kisanduku kuna kapasita iliyozungushiwa lami. Baada ya karne moja kapasita hiyo kwa kawaida huwa imeharibika, na gari hukosa nguvu au kuwaka kwa shida hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Kapasita mpya hufichwa ndani ya kisanduku kilekile, na mwonekano haubadiliki. Mbao zinazoshikilia koili zikinyonya unyevu huvujisha umeme, nazo hukaushwa au kubadilishwa.

Difu, gia na breki

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Breki ya mguu ya Model T haishiki magurudumu. Hushika ngoma iliyo ndani ya gia, na nguvu ya kusimamisha hupita kwenye propela, difu na ekseli hadi magurudumu ya nyuma. Kiungo chochote katika mnyororo huo kikikatika, breki ya mguu haifanyi kazi tena. Breki ndogo za magurudumu ya nyuma, zinazovutwa kwa mkono, zilikusudiwa hasa kulizuia gari likiwa limesimama.

Ndani ya difu, washa mbili za kuzuia msukumo zilitengenezwa kwa babiti. Kwa umri, babiti hupasuka na kumomonyoka vipandevipande. Gia kubwa husogea mbali na gia ndogo, meno huachana, na gari hubaki bila mwendo na bila breki kwa wakati mmoja. Hali hiyo ikitokea mlimani, gari haliwezi kuzuiwa kwa mguu.

Kwa sababu hiyo, gari ambalo historia ya difu yake haijulikani hufunguliwa difu kabla ya kuendeshwa, hata kama halitoi kelele. Washa za babiti huondolewa na kuwekwa za shaba nyeusi. Wakati huohuo hukaguliwa ekseli, funguo zinazoshika vitovu vya magurudumu na nati zake. Wamiliki wengi huongeza pia breki za ziada kwenye magurudumu ya nyuma. Badiliko hilo si la kiwandani, lakini linaweza kuondolewa baadaye bila kuacha alama kubwa.

Magurudumu

Magurudumu mengi ya Model T yana njiti 12 za mti wa hikori. Gurudumu hutikiswa kwa mikono: njiti inayocheza au kulia ni ishara ya mbao zilizokauka na kulegea. Kuloweka gurudumu kwenye maji hukaza njiti kwa muda mfupi tu, na zikikauka hulegea tena. Tiba ya kweli ni kuweka njiti mpya.

Tangi, bodi na afya ya fundi

Tangi la petroli halichomelewi kabla ya kuondolewa mvuke wote, kwa kuwa tangi tupu linaweza kulipuka kuliko lililojaa. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na bitana za breki za kale huweza kuwa na asbestosi. Kazi hizo hufanywa kwa barakoa inayofaa na kwa kulowesha, si kwa msasa mkavu wala kupuliza vumbi kwa hewa.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Magari ya kabla ya mwaka 1919 hayakuwa na stata ya umeme kutoka kiwandani, na hata yenye stata huweza kuwashwa kwa hendeli. Wenzo wa cheche ulio kushoto kwa usukani hupandishwa juu kabisa ili cheche ichelewe. Breki ya mkono huvutwa nyuma kabisa, kwani ndiyo pia inayotenganisha gia.

Hendeli hushikwa kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, na huvutwa kutoka chini kwenda juu. Cheche ikiwahi, hendeli hurudi kwa kishindo. Anayeisukuma kwenda chini au kuizungushia kidole gumba anaweza kuvunjika mkono.

Safari ya kwanza huwa fupi, mahali tambarare pasipo na watu. Baada ya hapo nati zote za magurudumu hukazwa upya, oili hukaguliwa, na difu huguswa kwa mkono kuona kama imepata joto kupita kiasi.