Reli Isiyofika Mara na Gharama Tunazolipa

Swali moja hutujia karibu kila tunapowasilisha makisio ya mradi: kwa nini fungu la usafirishaji ni kubwa kiasi hiki? Wafadhili huuliza wanapoona bei ya pampu ya maji imepanda njiani. Kamati za sharika huuliza wanapolinganisha bei ya mabati ya Dar es Salaam na ile ya Musoma. Swali ni la haki, na sehemu kubwa ya jibu lake iko kwenye reli, ingawa mkoa wa Mara haujawahi kuwa na reli.

Meli zilikuwa reli yetu

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kwa upande wa kusini, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Musoma ikabaki katikati ya vituo hivyo viwili, bila reli lakini ikiwa na bandari. Pengo hilo lilizibwa na meli za shirika la reli. Msafiri wa Musoma aliweza kwenda Mwanza kwa meli akapanda treni ya Tabora na Dar es Salaam, au akaenda Kisumu akapanda treni ya Nairobi na Mombasa.

Katika miaka ya 1960 kiungo hiki kiliimarishwa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilileta meli mbili za kubeba mabehewa, MV Uhuru na MV Umoja, zilizohudumia Kisumu, Jinja, Mwanza na Musoma. Meli ya namna hii ina reli juu ya sitaha. Behewa husukumwa kutoka gatini hadi ndani ya meli likiwa na mzigo wake, na ng'ambo ya pili huvutwa na kuunganishwa na treni.

Faida yake ni rahisi kuielewa. Gunia la pamba lililopakiwa kwenye behewa Musoma liliweza kufika Dar es Salaam bila kushushwa njiani. Kila mzigo unaposhushwa na kupakiwa upya, wachukuzi hulipwa, muda hupotea, na mara nyingi kitu huvunjika, hulowa au hupungua.

Jinsi kiungo kilivyokatika

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mali za shirika ziligawanyika: MV Umoja na MV Victoria zikabaki Tanzania, MV Uhuru ikabaki Kenya. Safari za kuzunguka ziwa zima zilikoma, na Musoma ikapoteza mlango wake wa Kisumu.

Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliendelea kuendesha treni na meli kwa pamoja, lakini vyombo vilizidi kuchakaa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, na wengi wakaanza kuogopa safari za ziwani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huduma za meli zilitengwa na TRC na kupewa kampuni yake. Tangu hapo treni na meli zilikuwa chini ya uongozi tofauti.

Reli yenyewe nayo iliyumba. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliharibu njia, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 yaliisomba tena katika eneo la Kilosa na Gulwe. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa kampuni ya ubia na RITES ya India, na mwaka 2011 serikali ikaurudisha mikononi mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Reli ya Kati ilibeba zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, lakini kufikia mwaka 2012 ilibeba chini ya tani 300,000. Mzigo uliobaki haukutoweka. Ulihamia barabarani.

Abiria nao walihama. Wengi wetu tunakumbuka mabasi ya Dar es Salaam yaliyopitia Sirari, Nairobi na Namanga, kwa sababu barabara ya kupitia Singida ilikuwa mbaya. Lami ilipokamilika huko, safari ya basi ikawa fupi kuliko ya treni, na wachache walirudi stesheni ya Mwanza.

Nani alipata, nani alipoteza

Mabadiliko haya hayakugusa kila mahali kwa namna moja. Bunda iko juu ya barabara kuu ya Mwanza na Sirari, hivyo lori lilipochukua nafasi ya meli, Bunda ilinufaika: mzigo hushuka mlangoni. Musoma ilipoteza zaidi, kwa sababu bandari yake ilipungukiwa kazi na mji ukabaki kutegemea lori la kutoka Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Butiama iko ndani, mbali na barabara kuu. Mzigo wake huacha barabara hiyo Makutano, na mara nyingi huhamishiwa gari dogo. Hata meli inayoitwa MV Butiama iliporudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, ilipangiwa safari za Mwanza na Ukerewe.

Je, reli mpya itatusaidia?

Treni za umeme za reli ya kisasa (SGR) zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ulianza mwaka 2021. Ni habari njema, lakini kamati zisidhani kwamba treni ikifika Mwanza, bei ya Musoma itashuka yenyewe. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ya kisasa milimita 1,435. MV Umoja, iliyorudi kubeba mabehewa ya Uganda mwaka 2018, ilijengwa kwa reli ya zamani. Behewa la SGR haliwezi kuingia humo. Mzigo wetu utashushwa Mwanza, na gharama itategemea kinachousubiri hapo: meli ya Musoma au lori.

Reli ya Tanga, Arusha na Musoma imetajwa kwa miaka mingi, lakini hakuna taruma lililokwisha kulazwa kati ya Arusha na Musoma. Tusiiweke katika makisio yetu.

Tunachoshauri

Kwanza, mnapoomba bei, muulizeni muuzaji bei hiyo inaishia wapi: Dar es Salaam, Mwanza, au stoo ya usharika. Bei ndogo inayoishia Mwanza inaweza kuwa ghali kuliko kubwa inayofika Butiama.

Pili, andikeni kupakia na kupakua kama fungu la peke yake. Mfadhili akiliona ataelewa fedha zimekwenda wapi, nanyi mtaona pa kupunguza.

Tatu, sharika jirani ziagize pamoja saruji, mabati na mabomba. Lori lililojaa hugawana nauli, na lori nusu tupu hulipiwa lote.

Nne, wawakilishi wa sharika wanapohudhuria mikutano ya maendeleo ya wilaya na mkoa, waulize kuhusu bandari ya Musoma na meli ya kuiunganisha na Mwanza. Wakati wa kuuliza ni sasa, mipango ikiwa bado inapangwa, maana historia yetu inaonyesha kwamba mkoa usio na reli hunufaika na reli pale tu kiungo chake kinapokuwa hai.