Programu Pelelezi katika Kompyuta ya Nyumbani: Kinga na Tiba

Kompyuta ya nyumbani siku hizi ni sanduku la nyaraka za jamaa nzima. Ndani yake mna picha za arusi, matokeo ya mitihani ya watoto, hesabu za duka, nakala za hati za kiwanja, na pamoja na hayo maneno ya siri yanayofungua barua pepe na akaunti ya benki. Sanduku la mbao likivunjwa, mwenyewe huona kufuli limekatwa na vitu vimetoweka. Lakini kompyuta ikiibiwa habari, hakuna kinachopungua. Kila faili limo mahali pake, maana mwizi amechukua nakala tu. Kwa sababu hiyo mtu aweza kukaa na mwizi nyumbani mwake kwa muda mrefu bila ya kumshuku.

Makala haya yanaeleza jinsi programu pelelezi zinavyofanya kazi, njia zinazoingilia, na namna ya kuziondoa. Msomaji ataona kwamba katika kazi ya kuziondoa, utaratibu wa hatua una maana kuliko wingi wa vifaa. Hatua zilezile zikifuatwa kinyume chake, mwenye kompyuta humkabidhi mwizi funguo mpya kwa mkono wake mwenyewe.

MAANA YA PROGRAMU PELELEZI

Programu ni mfululizo wa maagizo yanayoifanya kompyuta itende kazi fulani. Programu pelelezi ni ile inayowekwa ndani ya kompyuta bila ya ridhaa ya kweli ya mwenyewe, ikakusanya habari zake na kuzipeleka kwa mtu mwingine kwa njia ya intaneti. Yafaa itofautishwe na virusi. Kirusi hujinakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kile kilichoitwa Brain, kilichotengenezwa Lahore, Pakistani, mwaka 1986, kilienea kwa diski ambazo watu waliazimana. Programu pelelezi haina haja ya kuenea namna hiyo. Faida yake imo katika kukaa kimya.

Ili kufahamu utendaji wake, hatuna budi kukumbuka kwamba baina ya mtumiaji na mashine pana mfumo endeshi, kama vile Windows, ambao ndio msimamizi wa kazi zote. Kitufe cha kibodi kinapobonyezwa, habari humfikia kwanza msimamizi huyo, naye huipeleka kwenye programu inayohusika. Mfumo huo huruhusu programu nyingine nazo ziarifiwe juu ya vitufe vinavyobonyezwa. Ruhusa hiyo ina matumizi halali, mathalani kwa programu zinazowasaidia watu wenye ulemavu wa macho. Programu pelelezi huitumia ruhusa hiyohiyo kuandika kila herufi inayopigwa, maneno ya siri yakiwamo. Nyingine hupiga picha za kioo cha kompyuta, na nyingine huchota maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari.

Pana kitu kingine kinachoibiwa ambacho watu wengi hawakifahamu. Mtu akiisha kuingia katika barua pepe yake, kivinjari hupewa faili dogo la utambulisho, mithili ya cheti cha mlangoni, ili asiulizwe neno la siri kila afunguapo ukurasa. Mwizi akikinakili cheti hicho, aweza kuingia bila ya kulijua neno la siri, na aghalabu bila ya kuulizwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Jambo hili tutalirudia katika sehemu ya tiba.

Wizi huu umekuwa biashara kubwa. Mwezi Mei 2025 kampuni ya Microsoft, ikishirikiana na vyombo vya sheria vya nchi mbalimbali, ilivuruga mtandao wa programu pelelezi iitwayo Lumma. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huo ilitambua kompyuta zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa. Watengenezaji wa Lumma waliikodisha kwa malipo, hata mtu asiye na ujuzi wowote wa kutunga programu akaweza kuwa mwizi.

NJIA ZINAZOINGILIA

Kwa kawaida programu pelelezi haivunji mlango. Hufunguliwa na mwenye nyumba. Njia zake kubwa ni hizi.

Ya kwanza ni programu za wizi. Mtu akitaka programu ya bei kubwa bila ya kuilipia, hutafuta nakala iliyovunjwa kufuli, au huipata kwa flashi kutoka kwa rafiki. Aliyeivunja kufuli ameweza kuongeza ndani yake chochote alichopenda. Michezo ya watoto inayopakuliwa bure katika kurasa zisizojulikana ina hatari hiyohiyo.

Ya pili ni barua pepe yenye faili lililoambatishwa, likidaiwa kuwa ankara, zabuni au hati ya mzigo bandarini. Faili laweza kuitwa «ankara.pdf» machoni, kumbe jina lake kamili ni «ankara.pdf.exe». Windows kwa kawaida huficha mwisho wa jina la faili, na mwisho huo wa «exe» ndio unaoonyesha kuwa hiyo ni programu wala si hati ya kusomwa.

Ya tatu ni ukurasa wa hila. Ukurasa huo humtaka msomaji athibitishe kwamba yeye ni binadamu kwa kubonyeza vitufe fulani, kisha abandike maandishi na kubonyeza kitufe cha kukubali. Kwa kufanya hivyo mtu huiagiza kompyuta yake mwenyewe ipakue programu pelelezi. Lumma ilienezwa sana kwa hila hii. Uthibitisho wa kweli hauhitaji kamwe mtu abandike maagizo katika mfumo wa kompyuta yake.

Ya nne ni onyo la uongo linalotokea ghafla kudai kwamba kompyuta ina virusi vingi na kumhimiza mwenyewe apakue dawa. Dawa hiyo ndiyo ugonjwa.

Ya tano ni matundu yaliyomo katika programu za zamani. Hii ndiyo njia ambayo mwizi aweza kuipita bila ya msaada wa mwenye kompyuta, nayo huzibwa kwa marekebisho yanayotolewa na watengenezaji.

Isidhaniwe kwamba bidhaa iliyonunuliwa dukani haiwezi kuwa na hila. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza sahani za muziki ambazo, zikiingizwa katika kompyuta yenye Windows, ziliweka programu ya kuzuia unakili. Programu hiyo iliufanya mfumo endeshi usiyaonyeshe mafaili yoyote ambayo majina yao yalianza kwa alama fulani. Mtaalamu Mark Russinovich aliligundua jambo hilo katika kompyuta yake, akalitangaza tarehe 31 Oktoba 2005. Mwezi uliofuata watunga programu haribifu walianza kuyapa mafaili yao alama zilezile ili wajifiche katika kivuli hicho. Sahani hizo zikaondolewa sokoni. Tukio hilo latufundisha kwamba programu iliyojificha vizuri huufanya mfumo endeshi utoe ushahidi wa uongo. Kuuliza mfumo huo kama kuna mgeni ndani ni sawa na kumwuliza mlinzi aliyekwisha kula rushwa.

KINGA

Kinga bora haihitaji fedha nyingi. Kwanza, mwenye kompyuta aruhusu marekebisho ya mfumo endeshi na ya kivinjari yafanyike yenyewe. Huduma ya kawaida ya marekebisho kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo wenye toleo hilo yafaa wahamie Windows 11, au mfumo mwingine unaoendelea kurekebishwa, kama vile Linux.

Pili, asiizime programu ya kinga. Windows 11 huja na programu yake iitwayo Microsoft Defender. Programu za namna hii hufanya kazi kwa njia mbili: hulinganisha kila faili na orodha ya alama za programu haribifu zinazojulikana, na kadhalika huchunguza mwenendo wa kila programu inayotenda kazi. Orodha hiyo ikipitwa na wakati, kinga hudhoofika. Wala si vema kuwa na programu mbili za kinga zinazolinda kwa wakati mmoja, kwani huenda zikazuiana.

Tatu, kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka ya usimamizi. Programu pelelezi ikiingia kwa njia ya akaunti hiyo, haitaweza kwa urahisi kuugeuza mfumo mzima. Watoto nao wapewe akaunti yao wenyewe.

Nne, kila akaunti yenye thamani iwe na neno lake la siri, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Tano, nakala za nyaraka na picha zihifadhiwe katika diski ya pembeni inayochomolewa baada ya kazi. Mwenye nakala haogopi kuifuta kompyuta yake, na uhuru huo ndio msingi wa tiba.

DALILI

Dalili zinazojulikana ni kompyuta kuwa nzito bila ya sababu, matangazo kutokea hata pale kivinjari kilipofungwa, ukurasa wa mwanzo kubadilika, na programu ya kinga kuzimika yenyewe. Lakini programu nyingi za sasa huchota habari kwa muda mfupi tu, kisha hujifuta. Hizo hazionyeshi dalili yoyote katika mashine. Dalili zake huonekana kwingineko: barua ya kuarifu kwamba mtu ameingia katika akaunti yako kutoka mji usioujua, ujumbe uliotumwa kwa jina lako, au fedha zilizohamishwa. Ukiona mojawapo, usisubiri kompyuta iwe nzito.

TIBA

1. Katisha mawasiliano. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Programu pelelezi isiyo na intaneti haiwezi kupeleka wala kupokea kitu.

2. Badili maneno ya siri kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wakishtuka, huketi mbele ya kompyuta ileile iliyoambukizwa na kuandika maneno mapya, nayo programu pelelezi huyaandika yote. Anza na barua pepe, kwa maana mwenye barua pepe yako aweza kuomba neno jipya la akaunti nyingine zote. Fuatisha benki, kisha zilizobaki. Katika kila akaunti chagua agizo la kuondoka katika vifaa vyote; agizo hilo hubatilisha vile vyeti vya mlangoni tulivyovieleza. Wasiliana na benki yako siku hiyohiyo.

3. Nakili nyaraka na picha katika diski ya pembeni. Usinakili programu.

4. Chunguza orodha ya programu zilizowekwa na vijiprogramu vya nyongeza vya kivinjari. Ondoa usivyovitambua.

5. Fanya uchunguzi kamili kwa programu ya kinga, kisha ule unaofanyika kabla ya Windows kuamka. Microsoft Defender ina uchunguzi wa namna hii: huiwasha kompyuta upya na kukagua diski wakati mfumo endeshi umelala. Kwa njia hiyo yule mlinzi aliyekula rushwa haulizwi neno.

6. Ikiwa maneno ya siri ya benki yameibiwa, au dalili zinarudi, futa diski yote na kuweka mfumo endeshi upya, kwa flashi iliyotayarishwa katika kompyuta safi. Programu ya kinga ikisema kwamba haikuona kitu, maana yake ni kuwa haikukiona. Si uthibitisho kwamba hakimo. Ukimpa fundi kazi hii, mwulize nakala ya mfumo endeshi ameitoa wapi. Fundi anayeweka nakala iliyovunjwa kufuli huenda akaurudisha ugonjwa aliolipwa auondoe.

7. Kabla ya kurudisha nyaraka, zichunguze kwa programu ya kinga yenye orodha mpya.

Pana hali moja inayohitaji hadhari ya pekee. Pengine programu pelelezi imewekwa na mtu wa karibu anayetaka kumtawala mwenziwe. Kuiondoa ghafla kwaweza kumshtua mtu huyo na kuzusha ukatili. Anayeogopa jambo hilo atafute kwanza msaada wa watu anaowaamini, kwa kutumia simu ambayo mtu huyo hakupata kuishika.

Tendo la kuingilia kompyuta ya mtu bila ya ruhusa ni kosa la jinai. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018. Aliyeibiwa aandike tarehe na saa za matukio, ahifadhi ujumbe alioupokea, na kutoa taarifa polisi kabla ya kuifuta diski.

Hata hivyo sheria humfuata mwizi baada ya wizi, na programu ya kinga huweza kumtoa mwizi nyumbani lakini haiwezi kumnyang'anya alichokwisha nakili. Maneno ya siri yaliyoibiwa yaweza kubadilishwa. Picha na barua haziwezi kurudishwa. Basi kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, mwenye kompyuta ajiulize ni nani anayeomba, na anaomba nini.