Umeumia? Usikimbilie jani bichi

Ukichomwa na mwiba wa mbuta pale Sori, hutakosa mtu wa kukwambia uponde nyabend winy, yaani lantana, ubandike kwenye kidonda. Usimcheke. Maabarani, majani hayo hukaushwa, husagwa na kulowekwa kwenye alkoholi. Utomvu unaopatikana hutiwa kwenye kisahani chenye bakteria wa vidonda, mfano Staphylococcus aureus. Wakishindwa kumea, hubaki duara tupu, nalo hupimwa kwa milimita.

Lakini shika hili: duara ni la kisahani, si la mguu wako. Jani bichi lililopondwa kwa jiwe laweza kubeba vijidudu vya pepopunda kutoka udongoni. Wewe osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha fika zahanati uulizie chanjo ya pepopunda.