Kujenga Uwanja wa Vita Juu ya Meza

Vilima, mito na vijiji vya mchezo wa vita wa mezani hupendeza macho, lakini pia ni sehemu ya kanuni za mchezo. Kilima huwaficha askari wa upande mmoja wasionwe na wa upande wa pili, ukuta huwakinga na risasi, kinamasi hupunguza mwendo wao. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm III, meza ya mchezo yenye vipande vya plasta vilivyofinyangwa na kutiwa rangi. Kila vilipopangwa upya, ilipatikana nchi nyingine. Mwanawe aliviacha, na toleo lake la 1824 likatumia ramani za kipimo cha 1:8000. Mwingereza H. G. Wells, katika kitabu chake Little Wars cha 1913, alirudisha mandhari ya kushikika, akijenga majumba kwa vipande vya mbao na misitu kwa vijiti vya bustanini.

Siku hizi malighafi kuu ni polistirini ngumu, ile ya waridi au buluu inayotumika kuzuia baridi majumbani. Ile nyeupe ya kufungashia televisheni ni rahisi kupatikana, lakini ikikatwa kwa kisu humomonyoka punje punje. Zote mbili hukatwa vizuri kwa waya wa moto, madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya moshi wake. Rangi nyingi za kupuliza huyeyusha polistirini, hivyo kipande hupakwa kwanza gundi nyeupe ya mbao au rangi ya maji.

Penye ugumu hasa ni kwenye mteremko. Askari wa milimita 28 husimama juu ya kitako cha upana wa takriban milimita 25, na kwenye mteremko mkali huteleza na kuanguka. Wajenzi wengi hukata kilima kwa ngazi. Askari husimama imara, ila kilima chenyewe hakifanani na chochote kilichoko duniani. Njia bora ni kuufanya upande mmoja jabali lisilopandika, upande wa pili mteremko mpole, na kilele tambarare. Askari wajaribiwe hapo kabla ya rangi, maana kurekebisha baadaye ni kubomoa.

Kisha kilima hupakwa gundi na kumwagiwa mchanga. Ukikauka hutiwa rangi nzito ya udongo, halafu brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu juu ikiwa na rangi nyepesi, ishike kwenye miinuko tu. Nyasi ni nyuzi za nailoni zinazochajiwa kwa umeme tuli ili zidondoke wima kwenye gundi mbichi. Maji hutengenezwa mwisho, kwa epoksi inayomiminwa tabaka jembamba moja baada ya jingine. Epoksi hupata joto inapoganda, na ikimiminwa nene kwa mara moja, joto hilo huweza kuipasua au kuharibu polistirini iliyo chini yake.