Maziwa ya Mama Pekee kwa Miezi 6

 

Swali ninaloulizwa sana kliniki ni hili: "Sista, nina virusi vya ukimwi. Nimnyonyeshe mtoto kweli?" Ndiyo mama, mnyonyeshe, lakini ufuate masharti haya matatu.

Kwanza, meza ARV zako kila siku, saa ile ile. Virusi hupitia katika maziwa, lakini dawa huvipunguza mwilini mpaka hatari kwa mtoto inakuwa ndogo sana. Katika hospitali za serikali hutolewa bila malipo.

Pili, mpe mtoto dawa yake ya maji tangu azaliwe, kama ulivyoelekezwa. Usiiache eti kwa sababu amenenepa.

Tatu, kwa miezi 6 ya kwanza mpe maziwa yako pekee. Si maji, si glukosi, si uji, si maziwa ya ng'ombe. Utumbo wa mtoto mchanga ni mwororo. Vyakula vingine huuchubua, na virusi hupata pa kuingilia. Kuchanganya ndiko hatari.

Hapa ndipo wengi hukwama. Umeenda shambani kupalilia, mtoto analia, nyanya yake anamkorogea uji wa wimbi. Hana nia mbaya, ndivyo alivyolea wake. Kabla ya kutoka, kamua maziwa katika kikombe safi, ukifunike, umwambie: "Mama, kliniki wamesema maziwa haya tu mpaka miezi 6." Hilo ni agizo kwa kila mtoto, awe mamake ana virusi au hana. Huhitaji kutoa siri yako.

Baada ya miezi 6, anza kumpa vyakula laini huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka 2. Pengine dadako aliambiwa aache mapema. Ushauri huo ulianza kubadilika mwaka wa 2010, kwa sababu dawa humkinga mtoto anaponyonya.

Titi likiwa na kidonda, mnyonyeshe lile zima, nawe uje kliniki upesi. Mtoto apimwe akiwa na wiki 6, miezi 6 na miezi 12, kisha tena baada ya kuacha kunyonya.

Uwe Malava, Shinyalu au Mumias, usikose kliniki. Baba naye aje. Kwaherini, tukutane wiki ijayo.