Ngazi Isiyo na Kilele: Kijana Anapouchoka Mchezo wa Intaneti, Familia Impokeeje?

Katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), Mtume Muhammad (S.A.W.) alitaja neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake: afya na wasaa. Wanazuoni wameeleza kuwa neno lililotumika humo ni la sokoni. Hupunjika yule anayetoa mali ya thamani kubwa akapokea kitu duni, naye huondoka akidhani amefanya biashara njema.

Leo tunakusudia kuitazama hasara hiyo katika mlango mmoja ambao wazazi wengi hawaujui vyema. Nao ni ile michezo ya intaneti ambayo mchezaji hujitwalia mhusika wa kubuni, akaishi naye katika ulimwengu wa kubuni pamoja na maelfu ya watu wengine. Mzazi anayepita nyuma ya kijana wake huona mazimwi na panga katika kioo cha kompyuta, akadhani ni burudani ya nusu saa. Mpira una dakika zake 90, na bao lina mshindi wake. Mchezo huu hauna kipenga cha mwisho.

Tuchukue mfano wa mchezo mashuhuri kuliko yote ya aina hiyo, World of Warcraft, uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwezi Novemba 2004. Kufikia Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kuwa waliojiandikisha duniani wamezidi milioni 12. Nchini Marekani ada yake ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi, yaani karibu dola 180 kwa mwaka. Lakini fedha ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Gharama kubwa ni umri.

Mchezaji huanza daraja la kwanza, akapanda kwa kutimiza kazi anazopewa. Akifika juu, huambiwa kuwa sasa ndipo mchezo unapoanza. Hapo hujiunga na chama cha wenzake ili kuvamia ngome ambazo katika miaka ya mwanzo zilihitaji watu 40 kwa pamoja. Silaha na dirii bora hupatikana humo kwa bahati: adui mkubwa akiuawa, huenda akaacha kile unachokitafuta, na huenda asikiache. Usipokipata, ngome hiyo haifunguki tena kwako mpaka wiki ijayo. Hivyo kijana hufungwa na ratiba. Kikao kinachoanza saa mbili usiku kwa saa za Paris, kwetu Afrika Mashariki huanza saa tatu au saa nne, kutegemea majira ya mwaka. Kikichukua saa tatu, kijana hulala usiku wa manane, na Alfajiri humkuta hoi.

Uzi uliofumuliwa

Je, anachokusanya humo hudumu? Mwaka 2004 kilele cha ngazi kilikuwa daraja la 60. Mwaka 2007 kikapandishwa hadi 70, mwaka 2008 hadi 80, na kufikia mwaka 2018 kilikuwa 120. Kila kilipopandishwa, silaha ambazo vikosi vizima vilizipigania kwa miezi zilipitwa na zile zilizogawiwa kwa kazi ndogo ndogo za toleo jipya. Kisha mwaka 2020 ngazi nzima ikafupishwa. Aliyekuwa daraja la 120 akajikuta daraja la 50, na kilele kipya kikawekwa kwenye 60, palepale kilipokuwa miaka 16 nyuma. Tangu hapo kimeanza kupandishwa upya.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 92, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatupigia mfano wa mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua vipande vipande. Aya hiyo inazungumzia wanaovunja ahadi zao, lakini kila mwenye kutaabika kisha taabu yake ikabatilika hupata mazingatio ndani yake. Tofauti ni kwamba yule mwanamke aliufumua uzi wake kwa mikono yake mwenyewe. Mchezaji husokota, na mwenye duka ndiye afumuaye, ili kesho apate kumuuzia tena pamba.

Tena mchezo wenyewe huweka hesabu. Ipo amri fupi ambayo mchezaji akiiandika huonyeshwa muda wote aliotumia na mhusika wake, kwa siku na saa. Anayecheza saa nne kila siku hutimiza saa 1,460 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya siku 60 kamili, usiku na mchana. Wengi wameiandika amri hiyo kwa mzaha, wakabaki kimya mbele ya jibu. Muislamu anayejua kuwa Siku ya Kiyama ataulizwa umri wake ameumaliza katika nini hahitaji kufafanuliwa ukimya huo.

Macho yanapofunguka

Hatusemi kuwa kila mchezo ni haramu. Mtume (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini, naye akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) alipokuwa akiwatazama mpaka akatosheka. Wala si kila anayecheza ana maradhi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeutaja ulevi wa michezo hii kwa alama mahsusi: mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa mwaka au zaidi. Mwenye alama hizo apelekwe kwa mtaalamu, na hilo si aibu.

Tunayemkusudia hapa ni yule ambaye hamu imeanza kumtoka. Huingia mchezoni kama aendaye kibaruani. Wenzake wa zamani wameondoka. Hacheki tena, ila husita kutoka kwa sababu ya miaka aliyokwisha kuitia humo. Uchovu huo, wazazi wetu, ni rehema, na ni mlango uliofunguka. Lakini mlango huo hufungika upesi, na mara nyingi tunaoufunga ni sisi.

Tunaufunga kwa kejeli. Kijana akisema ameuacha, huambiwa: "Tulikwambia! Miaka mitano umepata nini?" Swali hilo amekwisha kujiuliza peke yake usiku, na jibu lake lilimuumiza. Akilisikia tena mezani mbele ya wadogo zake, atarudi kule ambako watu humpokea kwa jina na heshima.

Hapa yatupasa tujihesabu. Mchezo ulimpa nini kijana wetu? Ulimpa saa maalumu ya kungojewa. Ulimpa jukumu: akiwa ndiye mponyaji wa kikosi na asitokee, wenzake wote hushindwa. Sasa tuulize: nyumbani nani humngojea? Msikitini nani hugundua kuwa leo hakuonekana katika safu? Ikiwa vijana wetu huhitajika kwa mazimwi peke yake, lawama haiwezi kuwa yao peke yao.

Kwa hiyo apewe jukumu la kweli lenye saa yake. Awasomeshe wadogo zake baada ya Magharibi. Aaminiwe hesabu za duka au za mfuko wa msikiti, kwani aliyeongoza watu 40 ana uwezo wa kupanga mambo. Baba amgongee mlango Alfajiri waende pamoja, bila hotuba njiani. Ada ya mwezi isitishwe kwa mkono wake mwenyewe, na awaage wenzake kwa adabu, maana ingawa ulimwengu ule ni wa kubuni, watu wake ni wa kweli.

Salman (R.A.) alipomkuta Abu Dardaa (R.A.) amezama katika saumu na sala za usiku hata akamsahau mkewe, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Ikiwa hata ibada ya sunna haikuruhusiwa kula haki ya nyumba, sembuse mchezo!

Tunamuomba Allah (S.W.) awarejeshe vijana wetu majumbani mwao, na azifanye nyumba zetu ziwe mahali ambapo anayerejea hupata pa kukaa. Aamin.